Mjomba Juu ya Ukuta

Siku mhandisi wa halmashauri alipokuja kukagua boma letu la zahanati, ukuta wa upande wa mlimani ulikuwa umebakiza kozi mbili za tofali kufika lenta, ule usawa wa zege unaopita juu ya milango, na sauti yangu ilikuwa imekwisha kwa kelele za jana yake.

“Mama, kunywa chai kwanza,” Eva aliniambia.

“Chai haipandishi ukuta. Nipe karai.”

Eva ni binti yangu. Mtoto wake wa kwanza, Faraja, alizaliwa njiani, na sisemi kwa mafumbo. Alizaliwa kwenye njia ya kushuka Bigwa, pale inapokata kijito, mvua ikinyesha, mama yake akiwa amelazwa kwenye machela ya miti na blanketi. Wanaume waliokuwa wamembeba waligeuka wakatazama mlima, mimi nikapiga magoti kwenye tope. Kitovu nilikikata kwa wembe mpya niliokuwa nimeutia mkobani, maana huwa sitoki nyumbani bila kufikiri. Mama na mtoto walipona. Watu walisema Mungu mkubwa, nami nikasema amina. Kisha nikaapa kwamba binti yangu hatazaa tena kwenye tope.

Sasa Eva alikuwa na mimba nyingine, changa, tuliyokuwa tunaijua watu watatu tu: yeye, mumewe na mimi. Boma likipita ukaguzi siku ile, serikali ingeliezeka mwaka huohuo. Lisipopita, tungengoja bajeti nyingine, na mimba haingoji bajeti.

Nieleze kidogo habari ya lenta. Kijiji chetu cha Kilumbi kiko juu kabisa ya Bigwa, mahali ambapo barabara imeshakata tamaa na hata vijana wa bodaboda, wale wasioogopa kitu, huzima pikipiki na kusema, “Mama, hapa nauli imeisha.” Kwa muda mrefu tulikuwa tunalalamika tu. Siku moja Hafidhi, kijana wetu anayesomea sheria, alikuja likizo akanikuta nafoka mbele ya ofisi ya kijiji. Akatoa simu yake akanisomea Katiba. Imeandikwa kwamba utajiri wa nchi uelekezwe kwenye kuondoa umaskini, ujinga na maradhi.

“Rudia hapo kwenye maradhi,” nilimwambia.

Akarudia. Halafu akacheka. “Lakini usifurahi sana, mama. Hiyo ni ile sehemu ya malengo na misingi. Ibara ya saba inasema hakuna mahakama itakayoitilia nguvu. Ukienda kushitaki, unarudi na vumbi lako.”

“Nani kakwambia naenda mahakamani? Naenda kwa mtendaji.”

Nikaenda. Nilisomea maendeleo ya jamii, nina stashahada yangu, na kitu kimoja nilichokitoa chuoni ni hiki: neno kubwa la nchi halikufikii mpaka liwe mwongozo wa mtu fulani mwenye meza. Katiba inataja maradhi. Sera ya afya inataka huduma iwe karibu na watu. Halmashauri nayo ina mwongozo: wananchi wapandishe kuta mpaka lenta, katika eneo lisilo na mgogoro, na serikali itaweka paa, milango, dawa na mganga. Mtendaji alinionyesha karatasi ile kama mtu anayekuonyesha picha ya mkwe wake. Nikaisoma nikiwa nimesimama. Jioni ile nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi.

Tofali tulichoma wenyewe. Saruji ilipanda kutoka Bigwa kwa vichwa. Kiwanja tulikipata bila shida yoyote, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka, maana mlimani kiwanja tambarare ni adimu kuliko dhahabu. Katika mkutano wa kijiji Maneno, mkulima wa njegere, mtu mpole mwenye kupenda kusifiwa, alisimama akasema, “Mimi natoa shamba langu la pale juu ya chemchemi.” Makofi yalipigwa. Wazee wa Kiluguru hawakupiga. Walitazama miguu yao. Mimi ni Mnyaturu wa Singida niliyeolewa huku, nilidhani wamechoka.

Basi, asubuhi ile ya ukaguzi. Ukungu ulikuwa haujatoka mlimani, lakini watu walikuwa wameshajaa. Wanawake walipanga mstari kutoka kwenye tanuri la tofali mpaka ukutani, tofali likawa linaruka mkono kwa mkono na nyimbo juu yake. Fundi Hassani alikuwa juu ya jukwaa na pima maji yake, anatukana kila mtu kwa usawa.

“Nani kaleta uji huu? Hii ni mota au togwa?”

“Si ulisema iwe laini, fundi!”

“Laini kama ugali, siyo laini kama mapenzi yako!”

Vicheko vikapanda mpaka juu. Hafidhi alikuwa anachanganya mchanga, suruali kaikunja, viatu vyake vyeupe kavitundika mtini. “Mama mwenyekiti,” akaniita, “leo tunaitilia nguvu Katiba kwa koleo. Mahakama ikae pembeni.”

“Koroga, wakili. Maneno baadaye.”

Nilikuwa na furaha ya ajabu. Nakumbuka nilimtazama Eva akipokea tofali moja moja, polepole kama nilivyomwagiza, na nikajiambia: leo. Kabla ya adhuhuri, leo.

Ndipo mstari ulipokatika. Nyimbo zikakatika nazo. Nikageuka kutafuta mvivu ni nani.

Juu ya ule ukuta wa mlimani, pale penye pengo la kozi mbili, alikuwa amekaa Mzee Mwinshehe. Alikuwa ameketi kama mtu aliye barazani kwake, kofia safi, kanzu ameikusanya magotini, miguu inaning’inia ndani ya chumba tulichokipanga kiwe cha kujifungulia. Alikuwa ametokea upande wa juu, ambako ardhi iko karibu na kilele cha ukuta, akaukanyaga kama ngazi.

“Shikamoo mzee,” nikasema.

“Marahaba, mama Eva.”

“Mzee, tunaomba upishe kidogo. Fundi anataka kupanga tofali.”

“Apange.”

“Atapangaje na wewe umekaa hapo?”

“Hilo ni la fundi.”

Nilijua yule mzee si mbaya. Siku ile ya tope ndiye aliyeshika mti wa mbele wa machela ya Eva, na umri wake ule, na aliteleza mara ngapi sijui bila kuiachia. Ndiyo maana nilichanganyikiwa. Angekuwa mtu wa fitina ningemshusha kwa maneno matatu.

“Mzee, umekataa zahanati?”

“Sijakataa kitu. Nimekaa kwenye ardhi yangu.”

Nikatafuta Maneno. Maneno alikuwa hayupo. Alikuwapo dakika moja tu iliyopita, na karai kichwani, sasa karai lilikuwa chini na mwenyewe nyuma ya tanuri. Aliyekuja ni mkewe, Mwanahawa, macho yakiwa chini, akanivuta kanga pembeni.

“Mama Eva, lile shamba si la mume wangu.”

“Si alilitoa mkutanoni, mbele yetu wote?”

“Analima tu. Ardhi ni ya ukoo wetu, ukoo wa mama yangu. Mjomba Mwinshehe ndiye msimamizi. Mume wangu kapewa ruhusa ya jembe, hakupewa ardhi. Kumbe alidhani nimemwambia mjomba. Mimi nikadhani kamati mmekwenda kwa mjomba.”

“Na ninyi wote mlijua?” Niliwageukia wazee waliokuwa wamesimama karibu. “Tangu siku ya mkutano mlijua?”

Mmoja akakohoa. “Mama, mtu hasemi ardhi ya ukoo wa mwenzake hadharani. Ni adabu.”

Adabu! Kuta nne zimepanda juu ya adabu yao. Nilitaka kupiga kelele ila sauti sikuwa nayo. Na kusema kweli sikuwa na wa kumpigia ila mimi mwenyewe. Singida mwanaume akisema shamba langu, ni lake. Huku mtoto ni wa ukoo wa mama, na udongo vilevile. Nimeishi hapa miaka, nimekula harusi na misiba yao, na bado nilipokea ardhi ya ukoo mkononi mwa mkwe.

Simu yangu ikalia. Alikuwa kijana wa bodaboda, yuko mwisho wa barabara.

“Mama, mhandisi wako nimemshusha hapa. Anaitwa Victor. Kaanza kupanda. Kijana bado, shati la buluu, anapanda haraka.”

Nikamwendea Hafidhi. “Wakili, nipe ibara.”

“Ipo, mama, ila si ya kwako.” Alikuwa amesimama na koleo, uso umemshuka. “Katiba inalinda mali ya mtu pia. Mzee Mwinshehe naye ana ibara yake. Na huo mwongozo wenu unasema eneo lisilo na mgogoro. Mhandisi akimkuta pale juu, anaandika mgogoro, anashuka.”

“Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo hapa kitabu kimefika mwisho. Noma kweli.”

Vijana wawili wa mstarini wakaanza kunong’ona wampandie mzee wamshushe kwa mikono. Nikawatazama mpaka wakanyamaza. Ukimshusha mzee wa watu kwa nguvu ili ujenge nyumba ya huruma, umejenga nini? Na nani angeleta mke wake kuzaa ndani ya kuta hizo?

Nikarudi ukutani. Nikajaribu kila nilichojua. Nilimwambia habari ya sera. Akaitikia, “Naam.” Nilimwambia habari ya bajeti. “Naam.” Nilimwambia habari ya Eva na Faraja, na nusura nimwambie na ile siri nyingine. Akasema taratibu, “Mama Eva, machela ile niliibeba mimi. Usinifundishe uzito wake.”

Nikageuka kutazama njia. Huko chini kwenye migomba nilishaona shati la buluu likipanda.

Basi hapo ndipo alipotokea Bi Maimuna.

Bi Maimuna ni mama mnene mfupi anayeuza vitumbua, mwenye sauti ya kuita ng’ambo ya bonde. Ukoo wake na ukoo wa Mwinshehe ni watani wa kurithi, tangu mababu. Mtu wa nje haelewi mpaka aone. Mtani anaweza kuja msibani kwako akacheka, akalala kwenye kitanda cha marehemu, akaondoka na jogoo wako, na ukikasirika mwenye aibu ni wewe. Lakini siku ukifa, watani ndio wanaokushughulikia mpaka unaingia kaburini.

Alipasua katikati ya watu, kanga kaifunga kiunoni, akasimama chini ya ukuta akamtazama Mwinshehe kwa muda mrefu. Kisha akapiga yowe la msiba.

“Yalaa! Jamani! Mtani wangu amekufa!”

Watu wakashtuka. Mwinshehe naye akashtuka.

“Nani amekufa, wewe mwanamke?”

“Na maiti inaongea! Ndiyo tabia ya ukoo wao, hata kufa hawafi vizuri.” Akatugeukia. “Mnamwona? Kakaa kimya, hali, hanywi, hasogei. Huyu ni marehemu. Na sisi watani ndio wenye kazi ya kumzika. Hassani! Lete mota.”

“Bi Maimuna…” Fundi Hassani akanitazama. Nikanyamaza, na kwangu hilo ni tukio.

“Mota, nimesema! Huyu hachimbiwi, huyu anajengewa. Kajichagulia mwenyewe ukuta.” Akapanda jukwaa, mbao zikalia. Akachota mota kwa mkono mtupu, akaipaka ubavuni mwa Mzee Mwinshehe, juu ya ukuta, kisha akapokea tofali akalibamiza. Tofali la kwanza. “Huyu alikuwa mchoyo wa ndizi, Mungu amsamehe.” Tofali la pili, upande wa pili. “Alikuwa anacheza bao kwa wizi, Mungu amsamehe.”

“Sijawahi kuiba bao!” Mwinshehe akafoka.

“Marehemu anabisha! Leteni tofali lingine, huyu anatoka!”

Mstari ukajirudisha wenyewe. Tofali zikaanza kuruka tena, na safari hii vicheko vilikuwa vinazipita mbio. Wanaukoo wa Bi Maimuna walikuja kutoka kila upande, watani wote, mmoja akaimba nyimbo za mazishi kwa mahadhi ya harusi, mwingine akavua kofia ya mzee akaivaa. Hafidhi alikuwa amekaa chini kwa kucheka. Ukuta ukamzunguka Mwinshehe kulia na kushoto, halafu Bi Maimuna akaanza kumwekea tofali mbele, juu ya magoti.

“Na kanzu hii tutamwachia, maana ni chafu.”

“Ni safi! Nimeifua jana!” Mdomo wa mzee ulikuwa unatetemeka. Nilidhani ni hasira. Kumbe alikuwa anapigana na kicheko, na kicheko kikamshinda. Kilimtoka kama maji yaliyopasua banio la mfereji. Alicheka mpaka akashika tofali la pembeni asianguke, na watu wote walicheka naye.

Bi Maimuna hakucheka. Alifuta mkono kwenye kanga, akainama karibu naye, na kwa sauti ya kawaida kabisa akasema, “Sasa marehemu aseme wosia wake. Tunasikiliza.”

Mwinshehe akapangusa macho.

“Wosia wangu ni mfupi. Hii ardhi aliilima bibi yangu, akamwachia mama yangu, akawaachia dada zangu. Hakuna mtu aliyekuja kwangu. Hakuna aliyewauliza hao kina mama. Kimekuja kijiti, kimechomekwa, nikasikia kwa watu kwamba Maneno kagawa. Maneno! Mkwe! Mwanaume aliyekuja na godoro tu. Kesho watoto wa Mwanahawa wataniuliza mjomba, ardhi yetu imekwenda wapi, niwaambie ilikwenda kwa makofi?” Akagonga tofali kwa kiganja. “Mngeniomba, ningewapa siku ileile. Nimekaa hapa ili mniombe. Nilidhani mngetambua mapema zaidi.”

Shati la buluu lilikuwa limefika. Kijana mmoja mwembamba, begi mgongoni, anahema, amesimama pembeni ya tanuri akitazama mzee aliyejengewa ukutani mpaka kiunoni. Hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumkaribisha.

Nilitoka mbele. Sipigi magoti ovyo, watu wa hapa wanalijua hilo. Nikapiga, kwenye vipande vya tofali.

“Mzee Mwinshehe, mwenyekiti wa kamati ni mimi. Nilikuja kwenu kwa mlango wa nyuma kwa sababu sikujua mlango uko wapi, na sikuuliza. Leo nauliza. Tunaomba ardhi hii kwa ukoo wenu.”

Hakunijibu mimi. Alimtazama Mwanahawa. “Waite mama zako.”

Walikuwapo pale pale, kwenye mstari wa tofali, wanawake wa ukoo ule, wamejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Wakasogea chini ya ukuta, wakaongea kwa Kiluguru, haraka, kwa mikono. Sikuelewa hata nusu. Nilielewa walipogombana kuhusu migomba iliyo nyuma ya boma, na nilielewa kikongwe mmoja alipoinyooshea kidole njia ya Bigwa kisha akamnyooshea Eva.

Mwanahawa akasimama. Sauti yake ilianza ndogo. “Ukoo unatoa. Sio Maneno. Ukoo. Kiwanja hiki, kuta hizi na njia ya kupita, kwa ajili ya zahanati. Siku zahanati ikihama au ikigeuzwa duka la mtu, ardhi inarudi kwetu. Na migomba ya nyuma ni yetu, asiiguse mganga.”

“Asiiguse mganga!” wenzake wakaitikia.

“Iandikwe hivyo,” akasema Mwinshehe.

Hapo yule kijana alikohoa. “Samahanini. Mimi ni Victor, natoka halmashauri. Nimekuja kukagua. Nilitaka kuuliza… huyu mzee ni sehemu ya jengo?”

Sijui nani alianza kucheka. Bi Maimuna alijibu, “Ni nguzo, mwanangu. Lakini ya muda.”

Tukamshusha Mwinshehe, tukabomoa tofali zile za utani kabla hazijashika. Mtendaji, aliyekuwapo mstarini tangu asubuhi, akaandika muhtasari hapohapo, juu ya pipa la maji, Hafidhi akimsimamia kila neno kama mama mkwe. Hafidhi ndiye aliyesisitiza lile sharti la ardhi kurudi liandikwe vilevile kama Mwanahawa alivyolisema. Kina mama wa ukoo wakatia saini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba, na Mwinshehe akaweka la kwake la mwisho, taratibu, kama anapanda mbegu.

Victor akasoma yote. “Eneo ni la nani?” akauliza kwa sauti, maana ndivyo kazi yake inavyotaka.

“Lilikuwa letu,” Mwanahawa akasema. “Sasa la kijiji. Tumelitoa sisi.”

“Kuna anayepinga?”

Tulingoja. Nilisikia maji ya chemchemi. Maneno alikuwa ametokea nyuma ya tanuri, akasema kwa unyonge, “Mimi sipingi,” na wanawake wakamzomea mpaka akarudi.

Kisha Victor akatoa futi kamba, akazunguka kuta. Alipima pembe, akagonga kona, akachungulia kwa jicho moja. Hassani alimfuata nyuma kama mtu anayekaguliwa meno. Tulipofika upande wa mlimani, Victor akasimama.

“Hapa hapajafika lenta.”

“Tunajua,” nikasema. “Marehemu alikuwa amepakalia.”

“Mama, siwezi kuandika kitu ambacho hakipo.”

“Nani kakuomba uandike uongo? Unashuka saa ngapi?”

Akatazama mawingu yaliyokuwa yanakusanyika juu ya kilele. “Kabla mvua haijaanza. Njia ile ikilowa sishuki mzima.”

“Basi kaa ule vitumbua.”

Bi Maimuna akamkalisha kwenye gogo na sahani. Na sisi tukaanza. Mungu wangu, sijawahi kuona watu wakifanya kazi namna ile. Wanaume walipanda upande wa juu, palepale alipopitia Mwinshehe, wakawa wanapokea tofali kutoka ardhini bila jukwaa. Wazee walioficha jambo kwa adabu walikuwa wanachota maji mbio, aibu inawasukuma. Mwinshehe mwenyewe alivua kanzu, akabaki na fulana, akashika kamba ya fundi upande mmoja ili kozi inyooke, na kila Hassani alipomwambia “inua kidogo, mzee,” Bi Maimuna alipiga kelele kutoka kwenye gogo, “Maiti inashika kamba! Tazameni!”

“Nitakuzika wewe kwanza!” akamjibu.

Kozi ya kwanza ikaisha. Upepo ukabadilika, ukaja na harufu ya mvua. Victor akasimama, akafunga begi. Nikamtazama, akatazama ukuta, akakaa tena.

Tofali zikapungua. Eva aliona kabla yangu. “Mama, hazitoshi!” Tulikimbilia zile tulizobomoa kumzunguka Mwinshehe, tukazikwangua mota kwa visu vya jikoni na kwa kucha, tukazirusha. Matone yalianza, makubwa, moja moja. Hassani aliweka tofali la mwisho, akaligonga kwa mpini wa mwiko, akaweka pima maji juu yake, akaganda.

“Sema, fundi!”

Alingoja kiputo kitulie, yule mshenzi, alitungojesha. Kisha akanyoosha mikono yote miwili juu.

Vigelegele vilivyopigwa pale nadhani vilisikika Mwembesongo, kule chini mjini. Victor alipanda jukwaa mvua ikimpiga, akapima mwenyewe, akashuka akaandika chini ya mwavuli niliomshikia. Nilisoma karatasi ikiwa kichwa chini miguu juu, sikuweza kusubiri. Boma limefika lenta. Eneo halina mgogoro. Linapendekezwa kuezekwa mwaka huu wa fedha.

“Ni mwaka huuhuu?” nilimuuliza. “Siyo mwaka wa maneno?”

“Mwaka huu, mama. Maombi yote ya ukanda huu yanafungwa wiki hii, na yaliyofika lenta ni machache. Ila nikwambie ukweli.” Aliinua sauti ili wote wasikie. “Bati, mbao na saruji vitaletwa na gari la halmashauri mpaka mwisho wa barabara. Kutoka pale kuja huku halmashauri haina gari. Itakuwa vichwa vyenu.”

Alisema kama anatupa habari mbaya. Watu walishangilia kana kwamba ametugawia bati zenyewe. Nami sikutaka furaha ile ipoe bila kupangiwa kazi. Nikapanda juu ya pipa lililobinuka, mvua ikinimwagikia, na sauti yangu iliyokwisha ikarudi sijui kutoka wapi.

“Wa mbao wanyooshe mikono! Vijana, mbao ni zenu. Wazee wa adabu, misumari. Maneno, toka huko nyuma, wewe saruji, mfuko mzima mzima. Bati, nataka wanawake wenye shingo. Nani bati?”

Mikono ikainuka kama shamba la mahindi. Katikati yake nikauona wa Eva, umenyooka kuliko yote, kanga imemgandia mwilini kwa mvua, anacheka.

“Wewe shusha!” nikamwambia.

“Kwa nini, mama? Nina shingo!”

“Wewe utabeba hicho ulichobeba.”

Ilinitoka. Mumewe akaziba uso kwa kofia. Halafu Bi Maimuna akaelewa, na kwa kuwa Bi Maimuna alikuwa ameelewa, Kilumbi nzima ikaelewa. Mwanahawa alimkumbatia Eva mbele ya wote. Mzee Mwinshehe, fulana imelowa na kamba ya fundi bado mkononi, aliutazama ukuta mpya, akautazama mlango wa chumba cha kujifungulia ambao bado ulikuwa tundu tupu, kisha akanigeukia.

“Mama Eva, hizo bati zinaletwa lini?”

“Nitampigia Victor kila asubuhi mpaka zije.”

“Mpigie na jioni,” akasema, akaenda kutafuta kanzu yake.